Petra (bendi)

Petra ni bendi ya muziki wa roki ya Kikristo kutoka nchini Marekani. Ilianzishwa mwaka 1972 mjini Fort Wayne, katika jimbo la Indiana, na mpiga gitaa Bob Hartman pamoja na vijana wenzake watatu. Ni miongoni mwa bendi za mwanzo zilizounganisha ala na mdundo wa roki na mafundisho ya Injili. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa moja ya bendi mashuhuri zaidi za aina hiyo.

Bendi hii imejulikana hasa kwa sauti za waimbaji wakuu wawili. Wa kwanza ni Greg X. Volz, aliyeiimbia hadi katikati ya miaka ya 1980. Wa pili ni John Schlitt, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1986. Mabadiliko hayo yalitokea wakati Petra ilikuwa tayari na jina kubwa, na bendi nyingi huvunjika katika hali kama hiyo. Petra haikuvunjika. Tuzo zake zote nne za Grammy ilizipata baada ya kubadilisha mwimbaji. Kwa sababu hiyo habari za Petra hutajwa mara kwa mara panapozungumzwa jinsi bendi inavyoweza kuendelea kuishi baada ya kuondokewa na sauti yake.

## Jina

Neno "petra" ni la Kigiriki na maana yake ni mwamba. Linapatikana katika Agano Jipya, Injili ya Mathayo 16:18, pale Yesu anapompa Simoni jina la Petro na kutaja mwamba ambao kanisa litajengwa juu yake. Waanzilishi wa bendi walilichagua kwa sababu lina maana mbili kwao. Katika Kiingereza neno lenye maana ya mwamba ndilo pia jina la muziki wa roki. Mchezo huo wa maneno hauonekani katika Kiswahili, kwa kuwa sisi tumeukopa muziki pamoja na jina lake, nao mwamba umebaki kuwa mwamba.

## Mwanzo

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wengi nchini Marekani walipitia uamsho wa kidini ulioitwa Harakati ya Yesu. Wengi wao walitoka katika maisha ya ujana wa wakati ule: nywele ndefu, dawa za kulevya na muziki wa magitaa ya umeme. Walipookoka waliacha mengi, lakini hawakuona sababu ya kuacha gitaa. Mwimbaji Larry Norman alitoa albamu yake ya *Upon This Rock* mwaka 1969, na baada yake wakafuata wengine.

Petra ilizaliwa katika mazingira hayo. Wanachama wanne wa kwanza walikuwa Bob Hartman na Greg Hough kwenye magitaa, John DeGroff kwenye gitaa la besi na Bill Glover kwenye ngoma. Walikutana katika kituo cha mafunzo ya Biblia mjini Fort Wayne. Albamu yao ya kwanza, iliyoitwa *Petra*, ilitolewa mwaka 1974 na kampuni ya Myrrh. Mtayarishaji wake alikuwa Billy Ray Hearn, mwanzilishi wa kampuni hiyo.

Kitu kimoja kilikosekana katika albamu hiyo, nacho ni mwimbaji mkuu. Hartman na Hough waligawana kazi ya kuimba, na wote wawili walikuwa wapiga gitaa kwanza, waimbaji baadaye. Udhaifu huo ulisikika. Ndiyo maana walipoandaa albamu ya pili, *Come and Join Us* (1977), walimwalika mwimbaji kutoka nje. Huyo alikuwa Greg X. Volz.

Albamu hiyo haikuuzwa vizuri, na bendi ikaachana na kampuni ya Myrrh. Kampuni pia iliogopa wimbo mmoja, "Killing My Old Man", ikauondoa. Wimbo huo unahusu utu wa kale unaosulubiwa, kama Mtume Paulo anavyofundisha katika Warumi 6. Hata hivyo katika Kiingereza cha mitaani maneno hayo yangeweza kusikika kama habari ya mtu anayemuua baba yake. Wimbo ulikuja kutolewa baadaye katika albamu ya *Never Say Die*.

## Kipindi cha Greg X. Volz

Kufikia mwaka 1979 waanzilishi wengine walikuwa wameondoka, na Hartman alibaki peke yake. Volz sasa akawa mwanachama kamili na mwimbaji mkuu. Albamu ya *Washes Whiter Than* (1979), iliyotolewa na kampuni ya Star Song, ilikuwa na sauti ya upole kuliko zile za kwanza. Wimbo wake wa "Why Should the Father Bother?" ulipigwa sana katika vituo vya redio vya Kikristo.

Mafanikio makubwa yalianza na *Never Say Die* (1981), iliyotayarishwa na Jonathan David Brown. Katika albamu hiyo kuna wimbo wa polepole uitwao "The Coloring Song", unaotumia rangi mbalimbali kueleza habari za wokovu. Redio za Kikristo, ambazo wakati ule nyingi ziliogopa magitaa makali, ziliupokea wimbo huo kwa furaha. Watu waliovutwa na wimbo mtulivu walikuja kwenye matamasha wakakuta bendi ya roki.

Mwaka huohuo mpiga ngoma Louie Weaver alijiunga na bendi, naye Mark Kelly akapiga besi. Zilifuata *More Power to Ya* (1982) na *Not of This World* (1983), kisha *Beat the System*, ambayo ndani yake vinanda vya umeme vilichukua nafasi kubwa. Mpiga kinanda John Lawry alikuwa ameingia katika bendi kufikia wakati huo.

Volz alikuwa na sauti ya juu, safi na yenye nguvu. Aliweza kuimba wimbo wa utulivu kama "Grave Robber", unaohusu ufufuo na kushindwa kwa mauti, na papo hapo akaimba nyimbo za kasi bila sauti kupasuka. Kwa wasikilizaji wa miaka ile, sauti hiyo ndiyo iliyokuwa Petra. Wengi hawakujua sura ya Hartman, lakini walimtambua Volz kwa sekunde chache tu za kusikiliza redio.

### Upinzani kutoka makanisani

Petra ilipata upinzani mkali kutoka kwa Wakristo wenzao. Wahubiri kadhaa wa Marekani, akiwemo Jimmy Swaggart, walifundisha kwamba roki haiwezi kumtumikia Mungu hata maneno yake yakiwa mema. Wengine walidai kwamba nyimbo za roki zina ujumbe wa kishetani unaosikika kanda ikichezwa kinyumenyume.

Bendi ilijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mzaha. Mwanzoni mwa wimbo wa "Judas' Kiss" (1982) waliweka kwa makusudi sauti iliyogeuzwa. Aliyejisumbua kuicheza kinyumenyume alikutana na swali la kwa nini anamtafuta shetani badala ya kumtafuta Bwana. Njia ya pili ilikuwa ya dhati zaidi. Kwenye majalada ya albamu walichapisha maneno ya nyimbo pamoja na vifungu vya Biblia ambavyo kila wimbo umetokana navyo, ili mzazi au mchungaji mwenye shaka ajisomee mwenyewe.

## Kubadilishwa kwa mwimbaji mkuu

### Volz aondoka

Baada ya ziara ya *Beat the System*, Volz aliamua kuondoka ili afanye kazi ya uimbaji peke yake. Kabla ya kuachana, bendi ilirekodi matamasha yake ya mwaka 1985 na kuyatoa kama albamu ya moja kwa moja kutoka jukwaani, *Captured in Time and Space* (1986). Albamu hiyo ikawa muhtasari wa kipindi chote cha Volz. Yeye mwenyewe alitoa *The River Is Rising* mwaka huohuo wa 1986.

Pigo hilo lilikuwa kubwa kwa sababu zaidi ya moja. Katika bendi ya roki ya kawaida mwimbaji mkuu ni sauti na sura ya kundi. Katika bendi ya Kikristo ana kazi nyingine juu ya hiyo: yeye ndiye anayesema na watu katikati ya nyimbo, kushuhudia, na mara nyingi kuwaita wanaotaka kuokoka mwishoni mwa tamasha. Kwa hiyo anayechukua nafasi yake hapimwi kwa sauti peke yake. Watu hutazama pia maisha yake na kama wanaweza kumwamini anapozungumza habari za imani.

### John Schlitt

Hartman alimchagua mtu ambaye wengi wasingemtarajia. John Schlitt alikuwa mzaliwa wa Illinois na alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois. Katika miaka ya 1970 alikuwa mwimbaji wa Head East, bendi ya roki isiyo ya kidini iliyopata umaarufu kwa wimbo wa "Never Been Any Reason" na albamu ya *Flat as a Pancake*. Umaarufu huo ulimwingiza katika pombe na kokeini. Hali yake ilizidi kuwa mbaya, na mwaka 1980 wenzake wakamfukuza kwenye bendi.

Baadaye mke wake, aliyekuwa ameokoka kabla yake, alimwomba waende kuzungumza na mchungaji. Schlitt akaamini na kuacha dawa za kulevya. Aliacha pia muziki wa jukwaani. Alirudi katika taaluma yake, akafanya kazi ya uhandisi katika sekta ya madini na kulea familia. Alikaa hivyo kwa takriban miaka mitano, hadi alipopata mwito kutoka kwa Hartman.

Kwa upande mmoja uteuzi huo ulikuwa na hatari. Mtu aliyeangushwa na maisha ya bendi alikuwa anarudishwa katika maisha ya bendi: safari za usiku, hoteli na makofi ya maelfu ya watu. Kwa upande mwingine, alikuwa na ushuhuda ambao hakuhitaji kuutunga. Alipowaambia vijana kwamba umaarufu na dawa za kulevya haviwezi kumjaza mtu, alikuwa anasema jambo alilolipitia mwenyewe.

### Mabadiliko ya sauti

Schlitt hakuimba kama Volz, wala hakujaribu. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, ukali na uzito wa roki nzito ya miaka ya 1970. Kama bendi ingeendelea kutunga nyimbo kwa ajili ya sauti ya Volz, kila wimbo ungemkumbusha msikilizaji mtu aliyeondoka. Hartman aliepuka kosa hilo kwa kubadilisha muziki ili umfae mwimbaji mpya. Vinanda vilipunguzwa nguvu na magitaa yakarudi mbele.

Bendi ilibadilisha pia watayarishaji. Albamu ya kwanza ya Schlitt, *Back to the Street* (1986), ilitayarishwa na ndugu wawili, John na Dino Elefante. John Elefante mwenyewe aliwahi kuingia katika bendi kubwa kama mwimbaji mbadala: mwaka 1981 alichukua nafasi ya Steve Walsh katika bendi ya Kansas na kuimba katika albamu zake mbili. Alijua kwa uzoefu wake hali ya kusimama mbele ya watu waliokuja kumsikiliza mwingine.

*Back to the Street* ilikuwa albamu ya mpito. Bendi ilijipata kikamilifu katika *This Means War!* (1987), yenye mada ya vita vya kiroho, na *On Fire!* (1988). Hapo sauti kali ya Schlitt, magitaa ya Hartman na maneno ya nyimbo vilikuwa vimekuwa kitu kimoja.

### Kwa nini bendi haikuvunjika

Sababu kuu ilikuwa mgawanyo wa kazi ndani ya bendi. Aliyeimba alikuwa Volz, na baadaye Schlitt, lakini mtunzi wa sehemu kubwa ya nyimbo alikuwa Hartman. Msomaji anayezifahamu kwaya zetu atalielewa jambo hili kwa urahisi: mwalimu wa kwaya ndiye anayetunga na kupanga, ingawa anayesimama mbele kuongoza wimbo ni mwingine. Mwongozaji akihama, kwaya hupata pengo, lakini daftari la nyimbo linabaki na mwalimu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Petra. Mada za nyimbo, matumizi ya vifungu vya Biblia na namna ya kujenga kiitikio hazikubadilika sana kati ya mwaka 1983 na 1987. Weaver, Kelly na Lawry nao walibaki. Hivyo mtu mmoja tu alikuwa mgeni, na wenyeji wanne walimpokea.

Sababu nyingine ni kwamba Schlitt hakuzikataa nyimbo za zamani. Aliendelea kuziimba jukwaani baadhi ya nyimbo zilizojulikana wakati wa Volz, kwa sauti yake mwenyewe. Wapenzi wa zamani hawakuona kwamba historia yao imefutwa.

Hata hivyo si wote waliokubali. Hadi leo wapenzi wa Petra hugawanyika: wapo wanaosema Petra halisi ni ile ya Volz, na wapo walioifahamu bendi wakati wa Schlitt, ambao kwao nyimbo za kabla ya 1986 ni utangulizi tu. Mara nyingi jibu la mtu hutegemea mwaka aliokuwa kijana.

## Miaka ya mafanikio

Mwaka 1988 Ronny Cates alichukua nafasi ya Mark Kelly kwenye besi. Mwaka uliofuata bendi ilitoa *Petra Praise: The Rock Cries Out* (1989), albamu ya nyimbo za sifa na kuabudu zilizopigwa kwa ala za roki. Wakati ule halikuwa jambo la kawaida kwa bendi ya roki kurekodi nyimbo za ibada. Albamu hiyo iliifikisha Petra katika makanisa ambayo awali yasingeifungulia mlango. Toleo la Kihispania, *Petra en Alabanza*, lilifuata mwaka 1992.

*Beyond Belief* (1990) huhesabiwa na wengi kuwa albamu bora ya kipindi cha Schlitt. Iliipa bendi tuzo yake ya kwanza ya Grammy. *Unseen Power* (1991) na *Wake-Up Call* (1993) nazo zilipata tuzo hiyo. *Wake-Up Call* ilitayarishwa na Brown Bannister badala ya ndugu Elefante.

## Hartman aacha ziara na bendi kupungua nguvu

Mwaka 1994 Lawry aliondoka. Mwaka 1995 Hartman mwenyewe aliacha kusafiri na bendi, ingawa aliendelea kuhusika nayo nyuma ya jukwaa. Katika ziara nafasi yake ya gitaa ilichukuliwa na wengine, wa kwanza akiwa David Lichens.

Hapo ndipo ilipoonekana nani alikuwa nguzo ya nyumba. Petra ilikuwa imebadilisha mwimbaji mara moja na kusonga mbele, lakini baada ya Hartman kuondoka jukwaani wanachama wapya waliingia na kutoka kwa haraka. Mtindo wa muziki nao ulibadilika. Katika *God Fixation* (1998) bendi ilijaribu sauti ya roki ya kisasa ya miaka ya 1990, tofauti na ile iliyowapa jina. Si haki kumpa lawama mtu mmoja, kwa kuwa ladha ya vijana ilikuwa imebadilika pia, na bendi changa za Kikristo zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote. Schlitt ndiye aliyebaki kuwa kiungo cha bendi katika miaka hiyo. Yule aliyekuja kama mbadala sasa alikuwa mlinzi wa jina.

Mwaka 2000 Petra iliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Muziki wa Injili nchini Marekani. Mwaka huohuo ilitoa *Double Take*, yenye nyimbo zake za nyuma zilizopangwa upya kwa utulivu pamoja na nyimbo mpya, nayo ikaleta tuzo ya nne ya Grammy. *Revival* ilitoka mwaka 2001.

Hartman alirudi kikamilifu kwa ajili ya *Jekyll & Hyde* (2003), albamu nzito iliyotayarishwa na Peter Furler wa bendi ya Newsboys. Mwaka huo Louie Weaver aliondoka baada ya kuwa mpiga ngoma wa bendi kwa zaidi ya miaka 20.

## Kuagana na kukutana tena

Mwaka 2005 Petra ilitangaza kustaafu. Tamasha la kuaga lilirekodiwa mwezi Oktoba 2005 mjini Franklin, Tennessee, na kutolewa kwa jina la *Farewell*. Volz na Lawry walialikwa kama wageni, hivyo waimbaji wote wawili wakasimama katika tamasha moja. Maonyesho ya mwisho ya ziara hiyo yalifanyika katika mkesha wa mwaka mpya wa 2006, huko Murphy, North Carolina.

Hata baada ya hapo muziki haukukoma. Hartman na Schlitt walitoa pamoja albamu ya nyimbo za kuabudu, *Vertical Expressions*, mwaka 2007. Mwaka 2010 kikosi cha miaka ya 1980 kikiwa na Volz, Hartman, Kelly, Lawry na Weaver kilikutana kwa jina la Classic Petra na kutoa *Back to the Rock*, yenye nyimbo za zamani zilizorekodiwa upya. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Schlitt kuimba katika maadhimisho ya miaka 40 ya bendi.

Kwa namna hiyo Petra ikawa na urithi wa pande mbili, kila upande na sauti yake, na Hartman akishiriki katika zote mbili.

## Bendi nyingine za Kikristo zilizobadilisha waimbaji

Petra si bendi pekee ya Kikristo iliyopitia mabadiliko kama haya. Mifano ifuatayo inaonyesha njia tofauti zilizotumika.

* Newsboys, iliyoanzia Australia mwaka 1985, ilimtafuta mbadala ndani ya nyumba. Mwimbaji John James alipoondoka, mpiga ngoma Peter Furler, aliyekuwa pia mtunzi, akasogea mbele kuimba. Albamu ya kwanza baada ya mabadiliko hayo ni *Step Up to the Microphone* (1998), jina lenye maana ya kusogea kwenye kipaza sauti. Mwaka 2009 Furler naye alimwachia nafasi Michael Tait, aliyekuwa tayari maarufu kupitia kundi la dc Talk. Tait aliimba hadi mwanzoni mwa mwaka 2025.
* Audio Adrenaline ya Kentucky ililazimishwa na ugonjwa. Sauti ya mwimbaji Mark Stuart iliharibika, na bendi ikaamua kustaafu mwaka 2007. Mwaka 2012 ilifufuliwa ikiwa na Kevin Max, naye pia kutoka dc Talk, na mwaka 2014 Adam Agee akachukua nafasi yake.
* Flyleaf ya Texas iliachwa na mwimbaji wake Lacey Sturm mwaka 2012. Kristen May aliimba hadi mwaka 2016, na mwaka 2022 Sturm alirudi.

Ukilinganisha mifano hii, bendi iliyobaki na mtunzi wake, kama Petra ya mwaka 1986 na Newsboys ya mwaka 1998, iliweza kuendelea ikiwa bado inatambulika. Pale watunzi na wapigaji wengi walipoondoka pamoja na mwimbaji, kama ilivyotokea Audio Adrenaline, jina lilibaki lakini wasikilizaji walikutana na bendi iliyo karibu mpya kabisa.

## Waimbaji wakuu wa Petra

* Bob Hartman na Greg Hough: waligawana uimbaji katika miaka ya mwanzo, tangu 1972.
* Greg X. Volz: mgeni mwalikwa katika albamu ya 1977, kisha mwimbaji mkuu kuanzia *Washes Whiter Than* (1979) hadi *Captured in Time and Space*. Alirudi katika Classic Petra mwaka 2010. Albamu zake binafsi ni pamoja na *The River Is Rising* (1986) na *Come Out Fighting* (1988).
* John Schlitt: mwimbaji mkuu kuanzia 1986 hadi bendi ilipostaafu, na tena katika maadhimisho ya 2013. Albamu zake binafsi ni pamoja na *Shake* (1995) na *Unfit for Swine* (1996).

## Albamu za studio

Kabla ya Volz kuwa mwanachama kamili: *Petra* (1974), *Come and Join Us* (1977).

Wakati wa Volz: *Washes Whiter Than* (1979), *Never Say Die* (1981), *More Power to Ya* (1982), *Not of This World* (1983) na, iliyofuata baada ya hiyo, *Beat the System*.

Wakati wa Schlitt: *Back to the Street* (1986), *This Means War!* (1987), *On Fire!* (1988), *Petra Praise: The Rock Cries Out* (1989), *Beyond Belief* (1990), *Unseen Power* (1991), *Wake-Up Call* (1993), *No Doubt* (1995), *Petra Praise 2: We Need Jesus* (1997), *God Fixation* (1998), *Double Take* (2000), *Revival* (2001), *Jekyll & Hyde* (2003).

## Albamu zilizopata tuzo za Grammy

* *Beyond Belief*
* *Unseen Power*
* *Wake-Up Call*
* *Double Take*